Nukta ya Chini Huja Mwisho

3 Februari

Dada,

Shikamoo. Nakuamkia wewe na Mama, na pia shemeji Fundi Friji, kama bado anakuja jioni kutengeneza friji ambayo haijaharibika. Nilifika salama. Begi nalo lilifika, ila kile kikombe ulichokifunga kwenye kitambaa kimepoteza mkono njiani. Nakitumia hivyohivyo. Mama analala? Anakula vizuri?

Najua ulisema nipige simu. Unanijua. Nikisikia sauti yako kwenye simu maneno yananikwama, nawe unabaki kusema haloo, haloo, kama mtu aliyedondosha kitu kisimani. Dereva wa lori letu anapita mtaani kwenu kila anapopeleka mzigo, na amekubali kubeba barua. Watu wote hapa wanamwita Redio. Ukizungumza naye utajua kwa nini. Tafadhali usimwambie lolote ambalo hutaki lisikike hapa.

Kazi yenyewe ni hivi. Hili ni duka kubwa la dawa za mitishamba, lina ghala nyuma. Ukuta mzima una droo ndogo za mbao, kutoka sakafuni hadi juu ya ngazi, na kila droo ina mzizi, gome, ua au jani lililokaushwa. Majina ya droo yameandikwa kwa brashi, kwa herufi za Kichina. Juu yuko daktari mzee anayeona wagonjwa. Akimaliza, anaandika dawa kwenye kikaratasi, kikaratasi kinashuka kwa kamba, karani anakisoma, anafungua droo, anapima. Karani aliyetangulia amestaafu. Karani mpya ni mimi.

Herufi nilizijifunza chuoni, kwenye vitabu vilivyopigwa chapa, na niliongoza darasa. Dada, ule mwandiko wa daktari sijawahi kuuona popote. Anaandika bila kuinua kalamu. Ni kama uzi uliofumuka kwenye sweta. Vijana wa ghala wanamwita Daktari Mkwaruzo. Nilishika kikaratasi cha kwanza nikakigeuza, nikadhani nimekishika juu chini. Msimamizi wangu ni mke wa mwenye duka, mwanamke mfupi asiyeachia mizani mkononi. Wanamwita Mama Mizani. Alinitazama, akakichukua, akasoma mwenyewe, akasema, "Mwisho wa Mei kuna mtihani." Basi.

Nikifaulu, napewa kazi ya kudumu na vyumba viwili nyuma ya ghala. Nikishindwa, narudi nyumbani na begi lilelile. Ahadi yetu iko palepale: nikipata vyumba namchukua Mama, nawe unaolewa Agosti ukiwa na mikono huru. Nimeandika hapa ili asiseme mtu baadaye kwamba sikusema.

Wako,
Mdogo wako

19 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Hapa hatujambo. Barua yako niliisoma hapa saluni, mbele ya nyumba, wateja wawili wenye vichwa vilivyosukwa nusu wakisikiliza, wakacheka waliposikia "nakuamkia". Mmoja akasema, huyo ndugu yako anaomba kazi au anakusalimu? Nikamwambia, huyo hata akiwa na njaa anaandika maombi kwa sufuria.

Huyo Redio wako ni balaa. Alisimama mlangoni robo saa. Sasa najua kwamba kule unakula peke yako, unapiga pasi hadi soksi, na siku ya kwanza ulimwambia paka wa ghala "samahani". Nimempa chai ili anyamaze, akapata nguvu ya kuendelea.

Fundi Friji yupo, anakusalimia. Anasema Agosti ni mbali, mimi nasema Agosti ipo tu, haiendi popote.

Mama yuko vizuri kwa jumla. Anakula. Kilichopo ni kwamba mambo yanamgeukia mpangilio. Juzi alivaa sweta kisha akatafuta namna ya kuvaa gauni ndani yake. Jana aliweka majani ya chai kwenye kikombe, akaweka sukari, akakoroga vizuri kabisa, akanipa ninywe, maji hakuna. Nikamwambia, Mama, hii chai ya kutafuna. Akacheka sana. Mwanamke aliyepika shuleni miaka yote ile, masufuria matano kwa mpigo! Anajua kila kitu cha kufanya. Ila hajui kipi kinatangulia.

Tena anauliza, "Yule kijana wa mashati amekula?" Ni wewe huyo. Namwambia amekula.

Soma hizo nyuzi za daktari. Nategemea hizo nyuzi kuliko unavyodhani.

Dada yako

14 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumaini wote wazima. Nafurahi Mama anakula. Nimekaa na barua yako siku nyingi kwa sababu lori liliharibika gia, na kwa sababu sikuwa na habari.

Sasa ninayo moja. Mama Mizani aliniita, akanipa brashi na wino, akasema niandike majina ya droo za safu ya chini. Niliandika. Kwa macho yangu yalikuwa sawa na yale ya kitabuni, labda mazuri zaidi. Alitazama muda mrefu, akaweka kidole mahali mistari miwili inapopishana. Wino unapokauka unaacha ukingo. Mstari uliotangulia unalala chini, uliofuata unapita juu yake. Akasema:

"Hii umeanza hapa. Kwa nini?"

"Nimeona inatokea sawa."

"Inatokea sawa. Lakini hukuandika. Umechora. Mtoto anachora nyumba, anaanza na moshi."

Nilisikia masikio yanawaka. Akanieleza kitu ambacho chuoni walikipitia juu juu, nami sikukijali kwa sababu mtihani wa kule uliangalia karatasi, haukuangalia mkono. Kila herufi ina mpangilio wake. Juu kabla ya chini, kushoto kabla ya kulia. Herufi ya kumi ni msalaba: mstari wa kulala kwanza, wa kusimama baadaye. Herufi ya maji huanza na nguzo ya katikati, ndipo mabawa ya pande zote. Na mpangilio huo si adabu tu. Daktari anapoandika haraka, kalamu haiinuki, inaburuza kutoka mstari mmoja hadi unaofuata. Anayejua mkono ulipita wapi anaweza kuufuata hata katika mkwaruzo. Asiyejua anaona uzi.

Kwa hiyo najua herufi nyingi na siwezi kuzisoma. Nimeanza upya, na herufi za mtoto wa darasa la kwanza. Ninapokosea, Mama Mizani hapigi kelele. Anafuta meza na kuniwekea karatasi nyingine. Ningependa apige kelele.

Nakula. Sina cha kulalamikia. Nakutumia karatasi yenye herufi tatu, nimeweka namba kuonyesha mpangilio: mtu, kumi, maji. Ni ya kukuchekesha tu.

Wako,
Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Karatasi yako imetupa kazi ya Jumapili nzima. Nilikaa na Mama mezani, nikampa penseli. "Mtu" ana mistari miwili tu, sivyo? Mmoja unateremka kushoto, wa pili unateremka kulia, kama miguu. Mama akachora wa kushoto, mzuri, umenyooka. Akaweka penseli chini, akakunja mikono. Nikamwambia, Mama, bado mguu mmoja. Akaniambia, "Huyo anatosha. Amekaa."

Nimecheka hadi mteja akachungulia. Halafu Mama akauliza nani ameandika namba hizi. Nikamwambia, mwanao. Akasema, "Yupi?" kana kwamba ana kumi. Nikamwambia, yule wa mashati. Akasema, aah, yule ni mtu mzuri, anapiga sana pasi.

Mimi mwenyewe nimejaribu hiyo ya maji. Yangu inafanana na kuku aliyekanyagwa. Kama Mama Mizani ana kiboko, usimwonyeshe.

Fundi Friji ana kazi nyingi siku hizi. Ndivyo ilivyo kwa mafundi wakati wa joto.

Niambie ukweli, unaona utafaulu? Sikuulizi ili kukusukuma. Basi, ni kukusukuma, nitakudanganya wa nini. Wewe kila nikikuuliza jambo la nyumbani unanijibu kwa habari za droo. Hukuniuliza hata mara moja nitamletaje huko, anahitaji nini, anaamka saa ngapi. Niulize, bwana! Nina majibu mengi na hakuna anayeyataka.

Dada yako

11 Mei

Dada,

Shikamoo. Pole na kazi. Nisalimie Mama na shemeji.

Nimechelewa kujibu. Redio alipita mara mbili na mara zote mbili nilimwambia barua haijawa tayari.

Sasa nasoma kikaratasi kimoja kati ya vitatu. Nimegundua kwamba kosa langu lina tabia. Nakosea mahali ninapofikiri. Kuna herufi ya mwanamke. Nilikuwa naianza na mstari wa kulala, kwa kuwa nilifundishwa kwamba wa kulala hutangulia. Katika hiyo, wa kulala huja mwisho kabisa. Nilimuuliza Mama Mizani sababu. Akasema, "Sababu ni kwamba wote wanaandika hivyo, kwa hiyo wote wanasomana."

Nyingine ni herufi ya mama. Imo katika jina la jani moja tunalotumia sana, jani la wanawake waliojifungua. Ni kisanduku kilichoinama, ndani yake nukta mbili na mstari unaokata katikati. Mama Mizani anasema nukta ni maziwa mawili ya mama. Mimi naweka nukta zote mbili kwa pamoja, kisha mstari. Ndivyo akili inavyotaka: ukishika kazi ya nukta, imalize. Ndivyo isivyo. Ni nukta ya juu, mstari, ndipo nukta ya chini. Nimeiandika hadi brashi imechakaa, na kila nikiharakishwa mkono unarudi kule kule. Hilo ndilo ninaloliogopa kwenye mtihani.

Uliniuliza kama nitafaulu. Sijui.

Kuhusu mengine tuliyoandikiana, tungoje kwanza.

Mdogo wako

9 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Mei imekwisha. Nimengoja kelele za lori hadi nimezijua kuliko Redio mwenyewe. Amepita, amenipa salamu na mikono mitupu. Nimemuuliza mtihani umekwendaje. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe mtu huyo akasema "sijui". Nikajua umemkataza.

Kama umeshindwa, sema. Hutakuwa wa kwanza. Mimi nilishindwa mtihani wa udereva mara nne, na mara ya nne niligonga gari la mtahini likiwa limeegeshwa. Rudi nyumbani, tutapanga upya, nitakufundisha kusuka nywele. Una mikono mizuri, na wateja wanapenda mtu asiyeongea.

Mama yupo. Tumebadilisha vitu jikoni kidogo.

Niandikie. Hata nusu ukurasa.

Dada yako

1 Julai

Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta salama. Nisamehe kwa kuchelewa. Hapa kumekuwa na unyevu, droo za mbao zimevimba, inabidi kuzivuta kwa mikono miwili. Tumetoa maua yote yaliyokaushwa tukayaanika juu ya bati, na kijana mmoja wa ghala akapiga chafya kama baruti, tukaokota maua hadi jioni.

Sasa najifunza kuandika haraka. Mama Mizani anasema anayejua mpangilio anaruhusiwa kuukimbiza. Daktari Mkwaruzo alishuka ngazi wiki iliyopita, jambo lisilo la kawaida. Alinitazama nikiandika, akasema kitu kwa lugha yao, Mama Mizani akatafsiri: "Anasema mwandiko wako ni wa mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa." Sikujua kama ni sifa.

Nimehamia upande wa nyuma kwa kuwa chumba cha mbele kinavuja.

Natumaini mipango ya Agosti inakwenda vizuri. Nisalimie shemeji. Na Mama.

Mdogo wako

20 Julai

Mdogo wangu,

Leo hakuna marahaba. Utaipata tukionana.

Redio amekuja jana. Nimempa kiti na chai, nikamwekea mkate, nikanyamaza. Redio ukimnyamazia hawezi kuvumilia. Akasema, "Dada, mimi nimeapa sisemi, ila bosi wetu mdogo vile vyumba viwili anaviweka safi, utadhani hospitali."

Nikamuuliza, vyumba gani?

Akaweka kikombe chini. Akasema, mimi sijasema vyumba.

Kwa hiyo ulifaulu tangu Mei. Umekaa nyuma ya ghala lako na funguo mfukoni, ukiniandikia habari za droo zilizovimba. "Chumba cha mbele kinavuja." Nimeisoma tena hiyo. Hukudanganya hata neno, si ndiyo? Umechagua tu. Wewe tangu utotoni hudanganyi. Unaacha kusema, kisha unatutazama kama sisi ndio tumesahau kuuliza.

Basi na mimi niseme yangu, maana si wewe peke yako uliyefunga mdomo.

Fundi Friji hayupo. Aliondoka Machi, kabla sijakuandikia ile barua ya kuku aliyekanyagwa. Hakugombana na mtu. Alisema anaona Agosti haitafika, na kwamba kila akija hapa Mama anamwuliza amekuja kuchukua taka. Aliuliza hivyo mara nyingi, ni kweli. Mimi nilikuwa nacheka. Yeye hakuwa anacheka. Kwa hiyo hakuna harusi, wala hapajakuwa na harusi kwa muda wote huo. Sikukuambia kwa sababu niliogopa ukijua utasema, basi, Dada hana pa kwenda, Mama abaki.

Na Mama aliungua mkono mwezi wa Mei. Aliwasha jiko, akaweka kiganja kwanza, sufuria baadaye. Mkono wa kulia. Umepona, umebaki na ngozi inayong'aa. Hivyo ndivyo tulivyobadilisha vitu jikoni: nimeondoa jiko. Napika saluni, juu ya meza ya dawa za nywele. Usiku analala nimefunga mlango kwa nje na ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa. Asubuhi naosha vichwa vya watu na kucheka nao.

Sikuhitaji harusi ndipo nichoke. Nimechoka bila harusi.

Sitaki sababu. Sababu zako zitakuwa nzuri, zimenyooka, zimepigwa pasi. Nataka neno moja. Unamchukua au humchukui. Lolote utakalosema nitalimeza, nitapanga maisha yangu juu yake. Kisichomezeka ni huku kungoja kelele za lori.

Redio ameniomba nisimtaje. Nimemtaja.

Dada yako

29 Julai

Dada,

Shikamoo, hata kama hukuipokea.

Redio alinipa barua yako, akakimbilia chini ya lori akisema kuna kitu kinavuja. Niliisoma nikiwa nimesimama karibu na mizani. Nilimaliza kupima dawa za mtu mmoja, kisha za mwingine. Mama Mizani akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana.

Umesema hutaki sababu. Sitakupa sababu. Nitakuambia yaliyotokea, kwa mpangilio, halafu utaona mwenyewe.

Siku nilipoondoka nyumbani wewe ulikuwa nje unasimamisha teksi. Mimi niliingia kumuaga Mama. Alikuwa amekaa kitandani, amevaa vizuri, nywele ulikuwa umemsuka wewe. Niliinama kumwamkia. Akanishika shavu, akanitazama kwa huruma sana, akasema, "Mtoto wa nani wewe? Mama yako anajua uko huku?" Nikamwambia anajua. Akasema, "Usimtie wasiwasi, rudi kabla giza halijaingia." Nikabeba begi nikatoka. Uliniuliza mbona uso umekuwa hivyo, nikasema ni usingizi.

Tangu siku hiyo kuna kitu kimezimika. Sikulia. Nilifika hapa, nikafanya kazi. Nilipokuwa nikikosea sikuhuzunika, na nilipopatia sikufurahi. Niliogopa tu, muda wote, lakini kwa mbali, kama redio ya jirani.

Mtihani ulikuwa asubuhi. Mama Mizani aliketi nyuma yangu, si mbele, kwa kuwa alitaka kuona mkono. Vikaratasi vikawa vinashuka kwa kamba, mimi nasoma kwa sauti, nanakili kwa brashi. Cha tatu kilikuwa na lile jani la waliojifungua. Nilikitambua mara moja. Nikaandika kisanduku, nikaweka nukta ya juu. Mkono ukataka kuteremka kuweka ya pili. Nikauzuia. Nikapitisha mstari, ndipo nikaweka nukta ya chini. Nyuma yangu nilisikia akishusha pumzi. Mwisho akasema, "Sawa. Kesho njoo uchukue funguo."

Nilingoja nifurahi. Nilingoja kama mtu aliyefungua bomba na kuweka ndoo chini. Jioni bado nilikuwa nangoja. Nilijua napaswa kukuandikia siku hiyohiyo, na nilikaa na karatasi mbele yangu. Nilichoona ni hiki: nikikuandikia, Mama atakuja. Ataketi kwenye chumba cha pili, atanitazama kwa ile huruma, atauliza mimi ni mtoto wa nani. Na wewe hutakuwepo wa kumwambia, yule wa mashati. Nyumbani daima upo wewe katikati yetu. Huku tungekuwa wawili tu, na mmoja hamjui mwenzake. Kwa hiyo sikuandika. Kesho yake pia sikuandika. Baada ya hapo haikuwa kazi ngumu.

Chumba cha pili kina kitanda na dirisha. Nakifagia kila Jumapili. Sijui nilikuwa namfagilia nani, kama ningeulizwa nisingeweza kujibu. Redio alisema kweli, ni kisafi.

Nilipofika mahali ulipoandika kuhusu mkono wake, sikuhisi kitu pia. Niliendelea kupima. Halafu nikagundua nimejaza kisahani hadi mizizi inamwagika mezani, na Mama Mizani amenishika kiwiko. Akaniuliza tena kama naumwa. Nikamwambia, mama yangu ameungua mkono. Nilisema hivyo kwa sauti. Ndiyo mara ya kwanza nimesema jambo la nyumbani mbele ya mtu hapa. Akauliza yuko wapi. Nikamwambia. Akauliza nani anamtunza. Nikamwambia dada yangu, peke yake. Akauliza, "Na wewe una vyumba vingapi?" Anajua nina vingapi, alinipa mwenyewe. Akaondoa mizizi kwenye mizani kidogo kidogo mpaka ikakaa sawa, akasema lori linaondoka jioni na kiti cha mbele kina nafasi.

Nilimuuliza nitamwacha Mama na nani wakati wa mchana. Nilidhani atachoka na maswali yangu. Alisema kuna meza ya kuchambua maua mbele ya dirisha la duka, wanawake wawili huketi pale kutwa, na maua hayana jiko. Nikamuuliza anaamka saa ngapi mtu wa namna hiyo, anahitaji nini. Akasema, "Mimi nitajuaje? Muulize dada yako." Kwa hiyo nakuuliza, Dada. Anaamka saa ngapi? Kipi anavaa mwenyewe na kipi anasaidiwa? Usiku akiita hilo jina, unaitikia au unamsahihisha? Niambie yote uliyokuwa nayo na hakuna aliyeyataka.

Neno ulilotaka ni hili: namchukua. Bado naogopa. Sikusubiri woga uishe kwanza, maana haukuonyesha dalili.

Nawe ukitaka kupumzika wiki moja au mwezi, huku pana mkeka na kikombe kisicho na mkono. Ukitaka kulala tu bila kuosha kichwa cha mtu, lala.

Barua hii sikumpa Redio. Nimeiandika njiani kwenye kiti cha mbele, ndiyo maana mwandiko unarukaruka, na sehemu hii ya mwisho naimalizia nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya saluni yako. Mlango umefungwa, pazia limeshushwa, ni mapema. Nimekaa hapa muda sasa. Redio amezima injini, ameshusha kioo, ananiambia, "Piga hodi, bwana, hodi haina mtihani." Nimenyoosha mkono mara mbili.

Nitaipitisha chini ya mlango. Nasikia maji yanamwagwa kwenye beseni, huo ni mwendo wako. Na Mama ameamka. Anauliza kuna nani nje.

Usimjibu, Dada. Nitamjibu mwenyewe.